Mwalimu Barafu na Daraja la Juu

Shule ile ya udereva ilikuwa na walimu watano, na wanne kati yao walikuwa wapiga kelele. Mwanafunzi akizima gari mlimani, sauti ya mwalimu ilisikika mpaka kwenye maduka ya ng'ambo. Wa tano alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Ukikosea gia mara kumi, mara ya kumi na moja alikuelekeza kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Wakamwita Mwalimu Barafu, na jina likamkaa. Watu wenye roho nyepesi, wale ambao wakigusa usukani tu viganja vinalowa, waliomba wapangiwe yeye.

Kumbe kwa miezi minane Barafu mwenyewe alikuwa akipanda gari kila asubuhi huku vidole vyake viwili vimejificha chini ya mtandio, vinahesabu mapigo ya shingo.

Ilianza siku ya kawaida kabisa, saa nne asubuhi, juu ya daraja la juu. Daraja lile lilipita juu ya reli na makutano ya barabara tatu, lilikuwa refu, na lilizungushiwa kuta za zege kila upande. Ukishalipanda huna pa kuchepukia mpaka ushuke upande wa pili. Alikuwa peke yake, anarudisha gari la shule kutoka gereji. Mbele lori liliharibika, foleni ikasimama. Alikaa dakika mbili tatu akiangalia taa nyekundu za gari la mbele, hana hili wala lile, mara moyo ukamlipuka paa. Vidole vikaanza kufa ganzi. Hewa ikawa haitoshi, kama anavuta pumzi kupitia kitambaa kilicholowa. Alijua kwamba anakufa. Hakudhani, alijua, kama mtu anavyojua kwamba mvua inanyesha akiwa amesimama ndani yake. Na kilichomtia kichaa zaidi ni ule ukuta wa zege: hata akitaka kufa, hapa hakuna hata pa kuegesha gari.

Foleni ilipofunguka aliendesha moja kwa moja hadi hospitali, akaacha mlango wa gari wazi, akaingia mapokezi akiwa ameshika kifua. Walimlaza, wakambandika nyaya, wakatoa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Daktari aliisoma, akamwambia moyo wake ni mzima kuliko wa kwake yeye daktari. Aende nyumbani, apumzike, apunguze mawazo.

Apunguze mawazo. Utafikiri mawazo ni sukari kwenye chai.

Alirudi hospitali ile mara mbili zaidi ndani ya mwezi mmoja, na mara zote mbili karatasi ilitoka vilevile. Mara ya tatu muuguzi wa mapokezi alimwangalia kwa jicho ambalo hakulisahau, jicho la kusema "wewe tena?" Tangu hapo hakurudi. Mume wake, fundi wa friji, mtu mwema mwenye utani mwingi, alijijibia mwenyewe kwamba mkewe ana presha. Wakwe waliambiwa presha, majirani waliambiwa presha, na Barafu akaacha iwe presha.

Lakini dunia yake ilianza kusinyaa. Dukani aliacha kapu limejaa vitu kwenye foleni ya kulipia, akatoka nje kama aliyesahau kitu kwenye gari. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yake alikaa kiti cha mlangoni. Lifti aliacha kuipanda. Alijua kila zahanati iliyokuwa kwenye njia zake za kufundishia, na saa ya kufungwa kwa kila moja. Na daraja la juu hakulikanyaga tena.

Hakukaa chini akaamua kwamba hatalipanda. Kila siku ilikuja na sababu yake. Leo kuna foleni. Leo wanapaka rangi mistari. Leo mwanafunzi bado hajakomaa, tutapanda wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, mwanafunzi ameshakwenda mtihani. Wengi walibahatika, mtahini akawapitisha njia nyingine. Wawili hawakubahatika, wakaanguka mtihani. Barafu alijiambia kwamba hata wanafunzi wa walimu wengine huanguka.

Kisha akapangiwa mshonaji.

Huyu alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, mjane, mwenye chumba cha cherehani tatu, na alishona sare za shule. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia gari dogo la mizigo, ambalo lilikaa uani miaka miwili likitagiwa mayai na kuku. Siku moja akachoka kuwabembeleza wenye magari wampelekee sare shuleni, akawafukuza kuku, akaja kujiandikisha. Alikuwa na maneno. Alisema kuachia klachi hakuna tofauti na kukanyaga cherehani: mguu ukiwa na haraka, uzi unakatika. Na kweli, baada ya wiki tatu mguu wake ulikuwa mtulivu kuliko wa vijana. Barafu alimpenda. Wakiwa njiani walicheka mpaka mbavu zikauma, na kulikuwa na siku alimaliza saa nzima bila kushika shingo.

Mshonaji aliwahi kuuliza mara mbili kuhusu daraja. Mara ya kwanza aliambiwa kuna foleni. Mara ya pili aliambiwa halina ugumu wowote, ni barabara kama barabara nyingine, tofauti yake imepanda juu.

Siku ya mtihani mtahini alimpeleka darajani. Alipanda vizuri, lakini kileleni malori mawili yakampita, moja kila upande, upepo wake ukatikisa gari, naye akafanya alichoweza: akakanyaga breki, akasimama katikati ya njia. Mtahini alimshusha usukanini palepale. Njiani kurudi akamwuliza kama mwalimu wake hakuwahi kumleta huku. Mshonaji akajibu kwamba aliletwa sana, ila yeye ndiye aliyesahau.

Barafu aliyasikia hayo siku tatu baadaye, kutoka kinywani mwa mshonaji mwenyewe, wakiwa uwanjani kwenye shule ya udereva. Mama yule hakuwa amekuja kugomba. Alikuja kupanga masomo ya ziada, na alichoomba kilikuwa kimoja tu: ampandishe darajani leo, na kesho, na keshokutwa, mpaka alizoee.

Barafu alitafuta sababu, akakuta zote ameshazitumia. Akasema sawa.

Njia ya kwenda darajani ilichukua dakika kumi na tano, na kwa dakika zote hizo Barafu alikuwa na kazi moja tu. Alihesabu. Hapa kuna zahanati. Pale kuna kituo cha mafuta. Baada ya hicho kituo hakuna kitu tena, ni mpando wa daraja. Alijikaza, akajiambia yeye ni mtu mzima, ana watu aliowafundisha mpaka wakaendesha malori, itakuwaje ashindwe na zege? Mshonaji alikuwa akiongea kitu kuhusu vitambaa, lakini sauti ilikuja kwa mbali kama redio ya jirani. Kibao cha daraja kikatokea. Kifua kikabana. Gari liliposhika mwanzo wa mpando, mguu wa Barafu ukaenda wenyewe kwenye breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu, na ukakanyaga mpaka chini.

Gari lilisimama kwa kishindo. Nyuma honi zikaanza.

Mshonaji alimgeukia, akamkuta amekunja mikono kifuani, midomo imepauka, macho yamekodoka mbele. Alimwita, hakuitika. Basi mama yule akafanya mambo kwa mpangilio, kama alivyofundishwa na mwalimu huyohuyo: akawasha taa za hatari, akavuta breki ya mkono, akatazama vioo, akasubiri magari ya nyuma yapungue. Kisha akamshika Barafu goti, akautoa mguu wake kwenye breki taratibu, akarudi nyuma hatua chache na kuingiza gari kwenye kituo cha mafuta. Akalizima kivulini, karibu na mashine ya upepo wa matairi.

Ilipita kama robo saa. Pumzi ya Barafu iliporudi, aibu nayo ikaja. Alianza kusema ni joto, hakunywa chai asubuhi. Mshonaji alimwacha amalize.

"Mdogo wangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kutomwita mwalimu, "mimi nimeuguza mume miaka minne. Joto nalijua. Hili si joto."

Barafu alitazama mikono yake. Kisha akasema, na alipoanza hakuweza kukoma. Alisema kuhusu lori lililoharibika, karatasi za hospitali, jicho la muuguzi, kapu aliloacha dukani. Alisema hajalipanda daraja kwa miezi minane. Hakuna foleni iliyowahi kumzuia, wala rangi ya mistari. Ni yeye.

"Nilikudanganya," akamalizia. "Umeanguka kwa sababu yangu."

Alitegemea kukumbatiwa au kutukanwa. Mshonaji hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Unajua niliporudi nyumbani siku ile niliwaambia nini wanangu? Niliwaambia mama yenu amezeeka, akili imeshachoka, tuliuze hilo gari. Siku tatu nimejiona mjinga." Akaufuta usukani kwa kiganja. "Ungeniambia tu. Ningemwomba mwalimu mwingine anipandishe siku mbili, halafu nirudi kwako. Mtu hafi kwa kuambiwa ukweli."

Maneno yale yalimkata Barafu kuliko matusi. Mshonaji akawasha gari, akaangalia vioo. Kabla ya kutoka akasema mambo mawili bila kumtazama: kwamba yeye anataka mwalimu wa darajani kuanzia kesho, na kwamba Barafu akatibiwe, si moyo tena, hicho kingine. Kisha akamrudisha shuleni, na njia nzima hakukosea gia hata moja.

Chumba cha hicho kingine kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, baada ya masjala ya mafaili. Juu ya mlango waliandika AFYA YA AKILI kwa herufi kubwa kuliko za vyumba vyote, au ndivyo Barafu alivyoona. Alipita mara mbili akijifanya anatafuta maabara. Mara ya tatu alimwona mke wa jirani yao anakuja kwa mbali, na katika kumkimbia akajikuta amefungua mlango na kuingia.

Mshauri alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwuliza maswali yasiyoisha, na Barafu akashangaa jinsi mtu huyu alivyoijua siri yake kabla ya kuambiwa. Aliuliza kama hukaa karibu na mlango. Aliuliza kama hushika mapigo. Mwishoni akamwambia hiki kitu kina jina, kinaitwa ugonjwa wa wasiwasi, na yale yaliyompata darajani ni shambulio la hofu. Linatisha, lakini si moyo kusimama. Hata kushika mapigo ni sehemu ya ugonjwa.

"Ukikimbia pale panapokutisha, unapata nafuu?" akamwuliza.

"Mara moja."

"Basi nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa. Kila ukikimbia, wenyewe unakua."

Alimweleza matibabu: kuonana kila wiki, mazoezi ya kupumua na ya kufikiri, kukaribia vitu vinavyomtisha kidogo kidogo kwa mpango, na dawa kama itahitajika. Hakumwahidi mwezi wala miwili. Kisha akauliza nani anajua. Barafu akasema mwanafunzi mmoja. Mshauri akasema nyumbani na kazini lazima wajue, na kwa kuwa kazi yake ni ya barabarani, kazini pasisubiri.

Alianza na nyumbani. Jumapili mchana mumewe alikuwa amepiga magoti jikoni nyuma ya friji ya mteja, bisibisi mdomoni. Barafu alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, na ilikuwa rahisi zaidi kwa sababu alikuwa anauona mgongo wake tu. Mgongo ukaacha kusogea. Bwana yule akatoa bisibisi mdomoni, akageuka.

Alisikitika kwa dhati, lakini alikuwa na hofu yake. Alishauri waendelee kuita presha. Presha watu wanaielewa, unapewa pole na ushauri wa kitunguu saumu. Hiyo nyingine watasema mke wa fundi amerukwa na akili, na shuleni watamtoa kazini.

"Baba watoto," Barafu akamwambia, "nimeshaangusha watu watatu kwa hiyo presha."

Mumewe aligeuza bisibisi mkononi muda mrefu. Hatimaye akaungama kwamba yeye mwenyewe aling'ang'ania presha kwa kuwa lile jingine lilimtisha. Akauliza kesho anakwenda kumwambia bosi saa ngapi, amsindikize mpaka getini.

Bosi alikuwa dereva wa malori mstaafu, mtu wa maneno machache. Barafu aliandika aliyotaka kusema kwenye karatasi, akailaza juu ya meza na kuanza kuisoma. Alisoma yote, hadi idadi ya walioanguka. Bosi alisikiliza akiwa ameegemeza shavu mkononi. Hakusema pole.

Alisema, "Ungeniambia wa kwanza alipoanguka, hawa wengine wawili wangepona."

Akamtoa barabarani siku hiyohiyo mpaka mshauri aandike barua. Kwa sasa atafundisha darasani, alama za barabarani na sheria. Barafu alipofika mlangoni bosi akamwita, akasema jambo moja zaidi: kwamba madereva aliofanya nao kazi wengi walikuwa na mambo yao, na wengine waliyapeleka mpaka mtaroni pamoja na mizigo yao. Kisha akarudi kwenye mafaili yake.

Kwa walimu wenzake aliomba dakika tano kwenye kikao cha Jumatatu. Mmoja akatania kwamba barafu imeyeyuka, wote wakacheka, na yeye akacheka nao, ingawa kicheko kilimtoka kikavu. Kwa wiki nzima aliona watu wakinyamaza akiingia chumba cha chai. Wanafunzi wawili waliokuwa wakimngojea waliomba mwalimu mwingine moja kwa moja. Ila yule mpiga kelele mkuu, aliyeitwa Honi, alimfuata uwanjani akamwuliza kwa sauti ambayo kwake ndiyo ya kunong'ona, na maduka ya ng'ambo yakasikia, kama kuna mwanafunzi wake anayehitaji kupandishwa darajani. Barafu akampa mshonaji.

Wale wawili walioanguka mtihani mwanzo aliwapigia simu mwenyewe. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameshafaulu kwingine, akamshukuru na kumtakia afya. Wa pili alikuwa mlinzi wa benki. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kwa kukosa leseni ile alipoteza nafasi ya udereva kazini kwake, akapewa mwingine. Akakata simu. Barafu alikaa na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza hakutafuta sababu ya kujitetea. Alimwandikia ujumbe kumwambia kwamba bosi amekubali afundishwe tena bila malipo. Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja.

Mshonaji alifaulu mwezi uliofuata. Alilalamika kwamba masikio yake bado yanavuma kwa kelele za Honi.

Barafu naye alikuwa na daftari la mpango. Wiki ya kwanza alisimama chini ya daraja kwa miguu, dakika ishirini, asikimbie. Ya tatu alipanda kwenye gari la mumewe, mumewe akiendesha mwendo wa konokono na kuimba ovyo kuficha wasiwasi wake mwenyewe. Hofu ilikuja vilevile, na vidole vikafa ganzi vilevile, lakini alikaa nayo, na katikati ya daraja aliona ikipanda, ikafika mahali, isiendelee kupanda. Alishangaa tu. Safari ya nne ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, akarudi nyumbani analia. Mshauri alisema hiyo nayo imo kwenye mpango.

Usukani wa darajani bado hajaushika.

Kundi jipya la wanafunzi lilipoingia darasani, watu kumi na wanane, Barafu alikuwa amejiahidi kwamba atawaambia siku ya kwanza, kabla hawajasikia kwa wengine. Usiku uliotangulia alilala kwa vipande. Asubuhi alichora alama za barabarani ubaoni, akazifuta, akazichora upya. Kisha akawageukia.

Aliwaambia anaitwa Mwalimu Barafu, na kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi, anatibiwa, na kwa sasa haendeshi na wanafunzi. Aliwaambia kwa sababu wakiwa barabarani huenda mmoja wao akapatwa na kitu kama hicho, na akipatwa, asimame mahali salama, aseme, asitafute kisingizio. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Ndani, moyo ulikuwa unakimbia kama umefungiwa, na kiganja kiliacha alama ya unyevu juu ya meza. Mkono ulitaka kupanda shingoni. Akaushusha.

Mwanamke mmoja wa safu ya nyuma, aliyekaa karibu na mlango, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hata sasa unaogopa?"

"Sana," Barafu akasema.

Mwanamke yule akaitikia kwa kichwa na kushusha kidole. Barafu akasubiri kuona kama kuna swali lingine, hakukuwa na lolote. Akashika chaki, akaonyesha alama ya kwanza, ya pembetatu, akauliza nani anajua maana yake.